Mwaka Witiri ni Wangu

Jumatatu, 27 Januari 2025
Leo mamlaka ya kodi imeanza kupokea fomu. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Nje theluji, ndani kahawa. Nikawaandika wanangu Greta na Hattie kuwa wategemezi wangu, wote wawili, nikabonyeza. Kabla ya saa tatu jibu likaja: imekubaliwa. Nimemwahi Colleen!

Mtalaka wangu hujaza fomu yake siku ya mwisho kabisa, Aprili, huku anasonya. Basi safari hii atarudishiwa fomu. Kompyuta ya serikali haijui nani mama nani baba. Namba ya utambulisho ya mtoto ikishatumika, anayefuata anafungiwa mlango.

Na wala si wizi. Hukumu ya talaka inasema miaka shufwa watoto waandikwe na Colleen, miaka witiri waandikwe na mimi. Huu ni 2025. Kama si witiri, basi mimi si Darrell.

Niseme kweli, maana hapa hakuna anayesoma. Nilipofika penye nafasi ya wategemezi nikaiona tupu, roho iliniuma. Miaka kumi na miwili ya ubaba, halafu fomu inaniuliza kama nina mtu.

Alhamisi, 6 Februari
Rejesho la kodi limeingia, nono kwa sababu ya watoto. Nimenunua kibanda cha kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda. Cha mtumba, lakini kina jiko. Kaniuzia Norbert, tunayefanya naye kazi kiwandani. Akaniuliza kwani watoto wanaishi kwangu siku hizi. Nikamwambia auze kibanda, maswali awaachie polisi.

Jumapili, 16 Februari
Balaa. Colleen mwaka huu kajaza mapema! Greta anatakiwa kuwekewa waya za kunyoosha meno, na mama yake alikuwa anategemea rejesho la kodi. Fomu imemrudia. Kanipigia kabla sijamaliza jibini yangu.

Aliniuliza kama nimewaandika watoto. Nikamjibu kwa heshima kwamba mwaka witiri ni wangu. Akasema, "Darrell, kutangulia si kufika. Kaisome tena hukumu, tena polepole."

Nimeisoma. Polepole. Sijaona kitu. Ila nimegundua njia ya pili: serikali humtambua mzazi ambaye watoto wamelala kwake siku nyingi zaidi katika mwaka. Na Greta hubandika nyota kwenye kalenda ya friji yangu kila wanapolala hapa. Ushahidi ninao jikoni kwangu! Kalenda ya mwaka jana bado iko chini ya hii ya mwaka huu.

Jumamosi, 22 Februari
Nimewapeleka mabinti kibandani. Hattie akalala karibu na jiko. Nikampa Greta kalenda ya mwaka jana, nikamwomba ahesabu nyota, kama mchezo tu.

Sitini na moja, kwa mwaka mzima.

Nikamwambia aongeze ile siku niliyowarudisha kwa mama yao saa tano za usiku. Akasema, "Kusinzia kwenye gari hakuhesabiki, baba." Nikataja mafua ya Hattie, nilipokesha naye. Akasema ile ina nyota tayari. Tukabaki kwenye sitini na moja.

Kisha akaniuliza hizi nyota za nini. Anajua kunibana kama mama yake. Nikamweleza yote, witiri na shufwa. Akanitazama kwa huruma. "Baba, fomu unayojaza mwaka huu ni ya mapato ya mwaka jana. Ya 2024. Huo ni shufwa. Ni wa mama." Ana miaka kumi na miwili!

Bado sijameza hilo, akaniuliza kama nilikuwa nawataka wao au namba zao. Nikasema samaki anavuta ndoano. Hakukuwa na samaki. Nimeona aibu, na bado ninayo.

Jumanne, 15 Aprili
Yamekwisha. Nimerekebisha fomu, nimerudisha fedha, na Colleen kapata haki yake. Greta ana waya mdomoni. Norbert kanunua tena kibanda chake kwa nusu ya bei, maana barafu imeyeyuka na mimi sikuwa na pa kukiweka.

Jioni hii mabinti wamekuja kulala kwangu, na wala si zamu yangu. Greta kabandika nyota bila kuombwa. Nilijifanya natafuta chumvi ili wasinione macho.

Colleen aliwaleta mwenyewe, na karatasi mkononi. Fomu ya kuniachia haki ya kuwaandika watoto, kwa mapato ya mwaka wa 2025, keshatia saini. Akasema, "Mwakani ni zamu yako. Huna haja ya kukimbizana na mtu." Nikamshukuru. Mwanamke ana utu, nisimsingizie.

Tulipomaliza kula nikaisoma tena ile karatasi. Polepole, kama nilivyofundishwa. Hii nitaitumia Januari ijayo. Januari ijayo ni 2026. Na 2026 ni shufwa!

Kumbe! Anataka nijaze kwenye mwaka wake, kisha anipeleke mahakamani. Safari hii kapatikana. Nimeichana vipande vinne, nikavitia kwenye bahasha pamoja na kijibarua: "Mimi siingizwi mkenge mara mbili." Asubuhi nitampa Greta ampelekee mama yake.

Greta alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma. Kaokota gundi yake ya nyota, kakaa mezani, kaanza kuunganisha vipande. Nimemwambia asijisumbue, baba yake sasa anajua kuhesabu.