Lenzi ya Kumpigia Baba Picha

Jumatatu, 5 Mei

Baba ameingia leo asubuhi kutoka Funyula. Mkono mmoja bahasha ya hospitali, mkono wa pili suti ya kahawia, imefunikwa gazeti isishike vumbi. Nilidhani suti ni ya kumwonyesha daktari heshima. Kumbe ni kwa ajili yangu.

Daktari amesema moyo umechoka. Dawa anywe, chumvi apunguze, arudi Agosti. Baba alimsikiliza kwa adabu. Tulipotoka nje akaniambia Agosti ni mbali, sasa tuongee mambo ya maana. Anataka picha. Ile ya kubebwa mbele ya jeneza. Juzi walimzika rafiki yake, na picha iliyotangulia ilikuwa ya kitambulisho, imekuzwa mpaka marehemu akafanana na mtu aliyekamatwa na kuku wa wenyewe. Baba amesema yeye hataki aibu hiyo. Tena ana mtoto mpiga picha Nairobi.

Mpiga picha ni mimi. Mchana ni karani wa bima, lakini habari ya bima Baba hajawahi kumwambia mtu nyumbani.

Nikamwahidi kesho asubuhi. Kisha nikaikumbuka lenzi yangu. Ni ile iliyokuja na kamera. Inafaa nyumba, inafaa kwaya. Uso wa mzazi unataka lenzi ya uso, ile inayofanya vitu vya nyuma viyeyuke kabisa. Na nyuma ya ploti yetu hapa Mutuini kuna tangi la maji na kamba ya nguo. Nikamwambia tungoje Jumamosi.

Ivyne, mke wangu, akauliza: mzee yuko, kamera iko, shida ni gani? Nikamweleza habari ya kuyeyuka. Hakuelewa.

Baba analala kwa Mbaluka, jirani wa mlango wa pili, maana kwetu mzee halali nyumba moja na mke wa mwanawe. Suti ameitundika huko huko, kwenye msumari.

Jumanne, 6 Mei

Saa ya chakula nilikimbia mjini kwa Ridhwan. Anauza kamera na lenzi zilizotumika, ghorofa ya tatu, karibu na Moi Avenue. Ngazi zile zitaniua kabla ya wakati wangu.

Ana lenzi mbili za uso. Moja ya milimita hamsini, nyingine ya themanini na tano. Hamsini ni nyepesi. Themanini na tano inayeyusha mpaka unaona huruma. Nikazijaribu dirishani, nikawalenga watu waliokuwa wakivuka barabara. Hamsini. Themanini na tano. Hamsini tena. Ridhwan akaenda kuswali, akarudi, akanikuta pale pale.

Akaniuliza kwa upole wa kwao Mombasa ni picha ya nani. Nikasema ya baba yangu, ni mgonjwa. Akasema pole sana ndugu yangu, basi chukua yoyote. Yoyote! Huyu ni mfanyabiashara au ni nani? Niliondoka mikono mitupu, na ofisini nikakuta bosi ameketi kwenye kiti changu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeuliza kwenye kundi la WhatsApp la klabu yetu ya kamera: hamsini au themanini na tano, kwa uso wa mzee? Swali la heshima kabisa. Kufikia saa nne watu walikuwa wanatukanana. Wawili wamejiondoa kwenye kundi. Mmoja wao alikuwa mweka hazina.

Kisha Quincy akaandika kwamba anayeuliza hajawa tayari. Quincy! Anaishi Loresho, kwenye nyumba ya wazazi wake, na begi lake la kamera lina magurudumu. Mwaka jana alinishinda kwenye mashindano ya klabu kwa picha ya dimbwi la maji. Yangu pia ilikuwa ya dimbwi. Langu lilikuwa kubwa zaidi.

Jioni Ivyne ameniambia kwamba Baba alishinda nje tangu asubuhi, amevaa suti. Nilimwendea nikamkumbusha kwamba tulisema Jumamosi. Akasema anajua, alikuwa analipigisha koti hewa tu.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua imetuachia. Mwanga mzuri ajabu, laini, wa manjano. Baba amenyoa. Mbaluka amempa kiti chake kizuri. Ivyne ameanua nguo zote kwenye kamba, hata zilizokuwa mbichi.

Nikaanza na majaribio. Mpiga picha wa kweli hupima kwanza. Nikapiga mkono wake juu ya goti. Nikapiga kifungo cha koti. Nikapiga sikio la kushoto. Baba alikaa kimya, mgongo wima, kama yuko kanisani.

Kisha nikatazama kioo cha kamera. Tangi la maji! Limesimama nyuma ya sikio la baba yangu, na maandishi yake yote yanasomeka, lita na kila kitu. Siwezi. Nilimwambia Baba inatosha kwa leo. Akauliza kama tumemaliza. Nikasema hayo yalikuwa majaribio. Akauliza mtihani wenyewe ni lini.

Ivyne alinirushia jicho ambalo sikulipenda. Akasema si usogeze kiti. Nikamwambia mwanga uko upande huu. Akasema basi sogeza tangi.

Lakini nikioga nimepata wazo. Nashangaa halikuja mapema. Quincy ana kamera tatu na mikono miwili tu. Kwa hivyo mimi kamera ya nini? Nampa Ridhwan kamera yangu na lenzi iliyokuja nayo, ananipa themanini na tano. Kamera naazima kwa Quincy siku moja. Kila mtu anafurahi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimebadilishana. Ridhwan aliniuliza mara mbili kama nina kamera nyingine. Nikamwambia iko kwa rafiki. Neno rafiki lilinikwama kooni, lakini lilipita.

Bei niliyoongeza juu siiandiki, kwa sababu Ivyne anajua ninapoweka shajara hii.

Nyumbani nikaitoa lenzi mfukoni, nikaiweka mezani. Ivyne akauliza kamera iko wapi. Nikamfafanulia mpango. Akaingia jikoni kusonga ugali.

Baba aliishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Akachungulia upande mmoja, akaniona nimepinduka, miguu juu. Alicheka! Alicheka mpaka machozi. Sijamsikia akicheka hivyo tangu nikiwa shule ya msingi. Kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kwisha. Ivyne alileta maji. Mimi nilisimama pale na kifuniko cha lenzi mkononi, sijui nifanye nini.

Jumanne, 13 Mei

Nimemsifu Quincy kwa lile dimbwi. Kwa simu, kwa sauti yangu mwenyewe. Akakubali kuniazima kamera. Nilitoroka kazini nikaenda Loresho, askari wa lango akaandika jina langu polepole, na Quincy akanikabidhi kamera na masharti: isiguswe na mvua, isiguswe na vumbi, nisiipumulie. Nikashukuru kila sharti.

Nimefika nyumbani, Baba yuko tayari, suti, kiti. Nikachukua lenzi, nikachukua kamera. Haiingii. Nikazungusha kulia. Nikazungusha kushoto. Kamera ya Quincy ni ya kampuni nyingine, mdomo wake ni mpana, lenzi yangu inacheza humo ndani kama kijiko kwenye sufuria. Sikuwa nimeuliza. Watu wote kwenye kundi walitukanana siku nzima na hakuna aliyetaja jambo hilo.

Ivyne akauliza kama alete mafuta ya kupikia. Hakuwa anatania.

Baba akasema si neno, wewe piga na simu. Hapo nikapandwa na hasira, Mungu anisamehe. Nikamwambia siwezi kumzika baba yangu na picha ya simu.

Neno lilikuwa limeshatoka. Baba alitazama viatu vyake. Baadaye akasema anarudi nyumbani Alhamisi, Mama yuko peke yake na maharagwe yako shambani. Nikamwomba abaki wiki moja zaidi, nitapanga kila kitu. Akanitazama kwa mapenzi, hilo niliandike, kwa mapenzi kabisa, akasema kwamba siku hizi si yeye anayepanga.

Jumatano, 14 Mei

Kwa Ridhwan mbio. Nirudishie kamera yangu, chukua lenzi yako. Ameshaiuza. Asubuhi hii hii, mwanafunzi mmoja. Ridhwan alisikitika kweli, akaniagizia kahawa. Nilikunywa huku natazama rafu kamera yangu ilipokuwa imekaa.

Nimemrudishia Quincy kamera yake. Akauliza picha ilitokaje. Nikasema safi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemsindikiza Baba mjini kwenye basi. Amesafiri na suti mwilini, ati haina haja tena ya kukunjwa.

Alikaa dirishani. Basi lilikawia kuondoka. Jua likapenya kati ya majengo mawili, likamgonga kutoka pembeni, kwenye shavu, na nyuma yake giza tupu la basi. Hakuna tangi, hakuna kamba. Akageuka akanitazama. Hapo ndipo picha ilipokuwa.

Nilikuwa na simu mfukoni. Sikuitoa. Nilisimama nikiwaza kwamba na themanini na tano ningesogea nyuma kidogo, mpaka kwa muuza karanga. Basi likaondoka. Baba alipunga mkono mpaka wakakata kona.

Jumatatu, 19 Mei

Baba amefariki jana jioni. Mama alipiga simu. Alikula, akasema anajinyoosha kidogo, na hakuamka.

Sina la kuandika. Ivyne amelia kuliko mimi. Mimi bado nangoja.

Jumatano, 21 Mei

Fidel, ndugu yangu mdogo, amepiga simu kutoka nyumbani. Kamati ya mazishi inataka picha ya Mzee. Wameambiana wasihangaike, Bramwel anazo. Bramwel ni mimi.

Nimefungua kompyuta. Nina picha za ndege, korongo wa uwanja wa Nyayo, wamesimama, wamekaa, wanajikuna. Nina Kenyatta Avenue ikiwa imelowa. Nina madimbwi ya mwaka mzima. Nina chura wa mtaa wa Karen aliyenigharimu viatu.

Za Baba nina tatu. Mkono. Kifungo. Sikio. Sikio limetoka vizuri kupita kiasi, kila unywele unaonekana, mpaka lile kovu dogo alilopata akipasua kuni. Nilikuwa nimelisahau. Nilikaa mbele ya lile sikio, na hapo ndipo kilio kikanijia. Nilimwomba msamaha kwenye sikio, kwa sauti, mpaka Ivyne akaja akazima kompyuta.

Nimemwambia Fidel atafute nyingine.

Jumamosi, 24 Mei

Tumemzika Baba leo.

Picha wameikata kutoka kwenye picha ya harusi ya binamu. Baba anatazama pembeni, pengine chakula kilikuwa kinapita. Begani kuna mkono wa mwanamke, kucha nyekundu, pete mbili. Mwenye mkono amekatwa. Ibada nzima watu walinong'ona mkono ni wa nani. Mzee mmoja wa ukoo alimuuliza Mama waziwazi. Mama akajibu hajui, na kwamba leo hana nguvu za wivu. Mchungaji akanitaja kama mwanawe mpiga picha mashuhuri wa Nairobi. Nilitazama udongo.

Na nani akaja? Quincy. Ameendesha gari kutoka Nairobi peke yake, na begi lake la magurudumu likakwama matopeni mbele ya waombolezaji. Sikumwalika. Alipiga picha siku nzima, kimya kimya, bila kuomba hata soda. Nimeziona. Mama akirusha udongo. Fidel akishikilia mti. Nimejiona mimi mwenyewe nikilia, na ni picha nzuri, nzuri kuliko yoyote niliyowahi kupiga. Nimeshindwa hata kwenye matanga ya baba yangu. Kisha nikaona haya kwa kuwaza hivyo, kisha nikawaza tena.

Akiondoka ameniachia kamera yake moja pamoja na lenzi yake ya uso. Akasema piga watu wako, utanirudishia ukifika. Sasa hata kumchukia siwezi vizuri.

Jumapili, 25 Mei

Mama ameamka mapema. Amevaa gauni la bluu la Umoja wa Akina Mama na kitambaa kipya kichwani. Ametoa kiti uani, akaketi, akaniita. Akasema nimpige sasa hivi, yeye hataki kwenda na mkono wa mtu begani.

Nikatoa kamera ya Quincy. Betri imejaa. Lenzi ni themanini na tano, tena mpya. Nyuma yake ni mahindi, kijani kitupu, hakuna tangi. Nikaweka jicho. Mama akanyoosha shingo, akajaribu kutabasamu, midomo ikamtetemeka, akajaribu tena. Uso wake wote ulikuwa pale.

Lakini kulikuwa na kivuli chini ya kitambaa. Kidogo tu, juu ya macho. Na hapo nikaelewa kosa langu lote la mwezi huu. Haikuwa lenzi hata kidogo. Ni taa. Uso wa mzee unataka taa ya pembeni, yenye mwavuli mweupe. Nilitamani Baba angekuwepo nimweleze.

Nikamwambia Mama tungoje, nitarudi Agosti na taa. Akauliza kama siwezi kupiga tu hivi hivi. Nikamwambia yeye ni mamangu, hastahili hivi hivi. Akasema sawa. Alikaa pale kitini muda, gauni lake likiwa limenyooka, huenda nikabadili nia. Kisha akaingia ndani kubadilisha nguo, maana kuna vyombo vya matanga vya kuosha.

Taa ziko za aina mbili. Kubwa ina nguvu, ndogo inabebeka. Nimeuliza kwenye kundi.