Herufi Iliyoitwa Oi

Alhamisi moja ya mwaka 1997, Kaingu alifika kijiweni Mji wa Kale uso umemvimba kama andazi. Kabla hajaketi, Zoher, mpiga chapa wa kadi za harusi waliyembandika jina la Kompyuta, keshafungua gazeti.

"Sikizeni! Kuna orodha ya herufi za dunia nzima, ndiyo kompyuta zaifuata. Mna herufi moja ya Waturuki wa pande za Urusi, husomwa 'gha'. Orodhani imeitwa 'oi'!"

"Oi?" akaruka Ngala, mchukuzi wa soko la Marikiti. Kwa kelele zake walimwita Spika. "Kwa nini?"

"Yafanana na o na i zimeshikana. Basi."

"Na mimi nafanana na gunia, niitwe Gunia? Si walifute jina hilo!"

"Hawafuti. Wamekata shauri: jina likishaingia halitoki, hata likiwa kosa. Kompyuta zishalizoea. Watatia maelezo pembeni tu."

Kaingu akatua kikombe chake cha kahawa. "Maneno hayo hayo nimeambiwa leo na karani." Akatoa kitambulisho chake kipya. Kimeandikwa: Kaanga.

Spika alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzu. "Kaanga! Kwa mafuta gani, ndugu yangu?"

"Cheka tu. Harusi keshokutwa, na cheti cha ndoa kitafuata kitambulisho. Babake Mbodze ni mwalimu wa Kiswahili. Ameapa bintiye haolewi na kitenzi."

Wote walijua Kaingu amemposa Mbodze mara tatu, na mara mbili mzee alimrudisha.

"Nitakuchapia kadi," akasema Zoher kwa upole. "Kaanga, na pembeni: husomwa Kaingu."

"Zoher, niwache!"

Mara Mbodze mwenyewe akakata kona, leso mabegani, ahema.

"Hamjambo wazee wangu. Kaingu, baba amekubali!"

Kaingu alisimama. "Amekubali? Na jina je?"

"Nami nimechukua changu asubuhi." Akamkabidhi kitambulisho.

Kaingu alikisoma mara mbili. Akafunika uso kwa mikono, mabega yakamtikisika; wenziwe wakadhani yualia. Zoher akakichukua, akasoma kwa sauti: "Mboga."

"Baba alicheka mpaka akavua miwani," akasema Mbodze. "Asema, madhali kitenzi kimepata cha kukaangwa, sentensi imekamilika."

Kaingu alipofunua uso, alikuwa acheka machozi yakimtoka.

Spika akajikung'uta kanzu, akainuka. "Basi mimi narudi Marikiti. Nyanya na vitunguu vya Jumamosi ni juu yangu."