Pikapu ya Baba Mkwe Imeng'aa Kupita Kiasi

Leo nimeaibika mbele ya mtu ambaye hata kutafuna mbele yake huwa naona haya. Baba mkwe. Na kinachoniuma zaidi, nimeaibika kwa sababu kazi yangu ilikuwa nzuri. Naomba mnisikilize mpaka mwisho ndipo muanze kucheka.

Mnaonifahamu mnajua naosha magari hapa Mbinga mjini, nje ya nyumba yetu, kwa ndoo na pampu. Si kazi mbaya. Ila gari lililochakaa ukiliosha linabaki limechakaa vilevile, tofauti ni kwamba sasa ni safi. Mimi nataka kulirudishia ujana wake. Kwa hiyo nimejifunza kupolishi rangi kwa mashine, nusu kwa kuangalia video, nusu kwa kulitesa boneti moja bovu nililolitoa kwenye vyuma chakavu (lile lililomfanya mume wangu Fidelis adhani nimeanza kukusanya mabati ya kuezekea).

Nilichokosa ni banda. Na banda lipo. Ni la baba mkwe, liko barabarani kabisa, njia ya kushukia ziwani, lina umeme, paa na sakafu ya saruji. Yeye anaishi kule chini, Mbamba Bay, na alilijenga ili ahifadhie magunia ya usipa, wale dagaa wa ziwani, kabla ya kuwauza huku milimani. Sasa biashara hiyo ameiacha na banda liko tupu. Nikaliomba. Kumbe Kastori, binamu yake Fidelis, naye ameliomba, anataka kuweka duka la vinywaji.

Baba mkwe si mtu wa maneno mengi. Akasema pikapu yake italetwa, na Jumamosi yeye atapanda, niipolishi palepale bandani akiona. Ikipendeza, banda nachukua mimi. Nikiichubua rangi hata mahali pa ukubwa wa kidole, banda la Kastori. Jumamosi yenyewe ndiyo leo.

Sasa hiyo pikapu. Kwenye kadi imeandikwa bluu. Lakini jua la ziwani limeipiga mpaka imekuwa na rangi ya jivu la jikoni. Kuna siku askari wa barabarani alimsimamisha mzee akitaka kujua gari la bluu liko wapi.

Kabla sijafika mbali niwaeleze kuhusu mashine, kwa sababu ndiyo mshtakiwa wa pili (wa kwanza ni mimi). Niliinunua Songea kwa kahawa yangu ya msimu uliopita. Dukani zilikuwapo za aina mbili. Moja inazunguka tu, kwa nguvu, mahali pamoja, kama ile ya kukatia vyuma. Ya pili inazunguka huku inatikisika, na ukiikandamiza sana, au kitu kikiibana, sponji yake ya kupolishia inasimama.

Muuzaji akaniwekea ile ya kwanza mbele yangu. "Dada, chukua hii. Ina nguvu. Mafundi wote wanachukua hii."

"Nikisahau kuisogeza inafanyaje?"

"Inakula rangi mpaka kwenye bati. Lakini kwa nini usahau?"

Hapo ndipo nilipoamua. Mimi najijua. Nimeshaunguza maharage nikiwa nimekaa pembeni ya jiko. Nikachukua ile inayotikisika, na Kastori alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, umenunua mashine inayochoka?"

Haya, tuingie leo. Asubuhi Mbinga ilikuwa na ile baridi yetu, ya mtu kupiga mswaki na koti. Nikavaa ovaroli yangu ya kazi, na ndani yake, kwa ajili ya joto, nikavaa bukta ya Fidelis. Bukta ya njano, imeandikwa namba nane nyuma kubwa kama ya nyumba. Nikasema nani ataiona? Iko ndani ya ovaroli.

Nilifika bandani mapema. Kastori alikuwa ameshafika kabla yangu (anashinda pale kana kwamba ameshapewa), na pikapu ilikuwa imeletwa tangu jana jioni na dereva. Nikaiosha vizuri. Nikabandika utepe wa karatasi kwenye raba na taa ili dawa ya kupolishi isiziharibu. Nilipochuchumaa kubandika kwenye bampa la mbele, nikasikia kitu kinaachana nyuma yangu. Taratibu, kwa sauti ndefu. Ovaroli ilikuwa imepasuka kuanzia kiunoni kushuka, na upepo wa Mbinga ukaingia bila hodi.

Kabla sijajua la kufanya, bodaboda ikasimama barabarani. Baba mkwe.

Sasa wale wa mbali muelewe. Huku kwetu hakuna sheria iliyoandikwa, lakini mwanamke aliyeolewa hasimami mbele ya baba mkwe wake na suruali. Hata kama ni ovaroli. Hata kama yuko juu ya mnazi. Kwa hiyo khanga ilikuwa kwenye begi langu tangu nyumbani, ikisubiri saa hiyohiyo. Nikaivuta, nikajifunga kiunoni, nikapata vitu viwili kwa mpigo: heshima, na kiraka. Nikajiona nina akili kuliko watu wote wa mkoa wa Ruvuma.

"Shikamoo, baba," nikapiga goti kidogo.

"Marahaba, mama. Mnaishije na baridi hii?"

"Tumezoea, baba. Za ziwani?"

"Ziwa lipo. Gari langu usinichubulie."

Akafungua mlango wa dereva, akatoa kofia yake ndani, akaivaa. Kisha akaufunga, akavuta kigoda, akakaa.

Nikaanza na mlango huohuo. Matone machache ya dawa kwenye sponji, nikaipakaza kwanza mashine ikiwa bado imezimwa (ukiwasha kabla, dawa yote inakwenda kwenye nyuso za watazamaji). Halafu mwendo mdogo, halafu mkubwa kidogo, sponji imelala sawasawa kwenye bati, mkono unatembea bila haraka, na kila nikikaribia ukingo nainua mkono, maana rangi ya ukingoni ni nyembamba. Nikafuta kwa kitambaa laini.

Jamani, bluu ilitoka. Sijui niielezeje. Bluu ya ziwa saa nne asubuhi likiwa limetulia. Baba mkwe akasogeza kigoda. Kisha akasimama kabisa, akauinamia mlango, akajiona.

"Kumbe nimenyoa vibaya," akasema.

Kastori akakohoa. "Mlango ni rahisi, baba mdogo. Umesimama wima. Tumsubiri kwenye boneti."

Baba mkwe aliufungua mlango ule mpaka mwisho, akawa anauangalia kwa kuinamisha kichwa huku na huku kama mtu anayechagua shuka. Akauacha wazi hivyohivyo na kuja kusimama karibu na boneti, mlango ukiwa hatua chache nyuma yake.

Nami nikaenda kwenye boneti nikiwa nimevimba kichwa. Nilikuwa nimefuata kila sheria. Nywele nimefunga. Hereni nimevua. Hata rozari yangu nimeitia mfukoni ili isining'inie. Waya wa umeme nimeupitisha begani. Kila kitu kinachoweza kushikwa na mashine nilikuwa nimekiondoa mwilini, isipokuwa mita moja na nusu ya khanga. Khanga sikuihesabu kama nguo ya kazini. Kichwani mwangu ilikuwa upande wa adabu, haihusiani na ufundi.

Nusu ya kwanza ya boneti ilikwenda vizuri sana. Nikazunguka kwenda kona ya mbele, pale boneti linapoteremka kuelekea taa. Pale lazima uishushe mashine na wewe ushuke nayo. Nikashuka. Pindo la khanga nalo likapanda kidogo, likaisogelea sponji kama kuku anayechungulia jikoni.

Sikuona. Nilichosikia ni mvuto. Mashine ilidaka pindo, ikazunguka nalo mara mbili tatu, fundo la kiunoni likafunguka bila ubishi wowote, na khanga yote ikanitoka ikahamia kwenye mashine. Kisha sponji ikabanwa, ikasimama, kama muuzaji alivyoahidi. Nikazima. Kama ningekuwa nimechukua ile ya mafundi wote, ingeendelea kukunja mpaka igotee mwilini, na sasa hivi ningekuwa nawaandikia nikiwa wodini kule Litembo, nilikozaliwa. Lakini wakati ule sikuwa na nafasi ya kujipongeza.

Kwa sababu nilifanya kosa la pili. Badala ya kuegemea ukuta kuuficha mpasuko wa ovaroli, nikageuka na kuinama kuinusuru mashine isidondoke sakafuni. Nimeinama nikiwa nimempa baba mkwe mgongo. Mgongo tu ungekuwa afadhali.



Sasa mzee wangu ni muungwana, lazima niseme. Hakungoja hata nusu ya pumzi. Aligeuka palepale, akatazama upande mwingine, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa na jambo la maana. Alifanya kile ambacho baba mkwe yeyote mwenye heshima zake angefanya.

Ila aligeukia mlango.

Mlango ule niliopolishi kwa mikono yangu, uliokuwa wazi mpaka mwisho, unatutazama sisi wote. Nilipochungulia kwa chini, nikamwona mzee ndani ya mlango, kofia yake na ndevu zilizosalimika na wembe. Na nyuma yake, vizuri kabisa, bila ukungu, bila mkwaruzo hata mmoja, nikaiona njano.

Naye aliiona. Najua aliiona kwa sababu alifumba macho, akashusha kofia mpaka puani, akasema kwa sauti ya upole:

"Mama."

"Abee, baba."

"Hiyo namba nane. Fidelis aliniambia ilipotea."

Nikakumbuka. Baba mkwe ndiye mlezi wa timu ya mpira ya kijijini kwao. Jezi zile alizinunua yeye. Mume wangu aliyekuwa akicheza namba nane aliapa mbele ya wachezaji wote kwamba bukta ilichukuliwa na mawimbi alipokuwa anaoga. (Fidelis, ukisoma hapa, jiandae. Baba anakuja nyumbani jioni.)

"Ipo, baba," nikasema. Ningejibu nini kingine?

Hapo Kastori akashindwa kujizuia. Akacheka kwa sauti, akijipiga mapaja. Nikajua basi, banda limeondoka. Nikajisikia vibaya sana. Si kwa aibu tu. Nilikuwa nimelitaka banda lile kwa moyo wangu wote, na kazi yangu nilikuwa naijua, na sasa ningekumbukwa kwa bukta.

"Kastori," baba mkwe akasema, macho bado yamefumbwa.

"Naam, baba mdogo."

"Mimi nimegeuka. Wewe unacheka nini? Ulikuwa unaangalia wapi?"

Kicheko kikakatika katikati.

"Ni kwamba, baba mdogo, mashine imemshinda. Umeona mwenyewe."

"Nilichoona mimi, nimekiona kwenye mlango wa gari langu. Mlango ambao jana haukuweza kuonyesha hata jua." Akavua shati lake la juu, lile la mikono mirefu, akalinyoosha nyuma bila kugeuka. "Mama, jifunge hili. Halafu malizia boneti."

Nikajifunga shati la baba mkwe kiunoni, mikono yake nikaikaza kwa mafundo mawili na ncha zake nikazichomeka ndani. Nikaikunjua khanga kwenye mashine (imechafuka dawa lakini haikuchanika). Nikalimalizia boneti lote, nikahamia ubavu wa pili, nikamaliza na kule nyuma. Sikuchubua popote. Baba mkwe aliipitia pikapu kwa kiganja, ukingo kwa ukingo, akitafuta kosa kwa dhati kabisa. Akakosa. Na watu waliokuwa wakipita barabarani walianza kusimama kuuliza pikapu hii mpya ameinunua nani. Akawajibu ni ileile, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia akiitumia hata kwenye harusi yangu.

Kisha akatoa funguo za banda mfukoni, akanipa mimi, kwa mikono miwili, Kastori akiwa amesimama pale.

"Mama, nikuambie jambo," akasema, macho yake yakiwa juu ya paa. "Ukishika mashine hiyo usinivalie khanga. Heshima yako naijua, haina haja ya kufungwa kiunoni. Vaa ovaroli yako, hata nikiwepo, hata akiwepo askofu. Ila iwe nzima."

Nimepiga goti, nimeshukuru, nimelia kidogo. Baba mkwe ameondoka na pikapu yake ya bluu bila shati, ana fulana tu na kofia, anapiga honi kwa watu asiowajua, na baridi ya Mbinga sijui ameionaje.

Ninawaandikia nikiwa ndani ya banda langu, nimefunga mlango kwa ndani, nashona ovaroli. Jumatatu nafungua. Anayetaka kucheka nitamruhusu acheke hapahapa bandani, mradi awe amekuja na gari.