Keki ya Kumrudisha Mwanakheir

Jumamosi, 13 Novemba 1971

Siku ya tisa bila mke. Nimefuturu tende, maji, na muhogo niliouchemsha mwenyewe. Mgumu katikati. Nimeutafuna upande wa kulia tu, maana gego la kushoto linaniuma tangu Shaabani, na kung'oa naogopa.

Mwanakheir yuko kwao Nungwi, amesusa. Kosa langu ati nimechukua sukari yake. Ni kweli, nimeichukua. Ratili nne alizozipangia foleni asubuhi tatu kwa ajili ya keki za Idi, miye nikazitia katika soda yangu ya tangawizi niliyotaka kuiuza Forodhani. Soda ilikuwa nzuri! Chupa ndizo zilizokuwa mbaya. Zilipasuka zote chini ya kitanda, na juu ya kitanda tulikuwapo sisi.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alifunga nguo zake ndani ya kanga, akasema miaka kumi na saba hajaniona nikianza kitu nikakimaliza. Siku atakayoona kitu kimoja kizima kimetoka mkononi mwangu, atarudi. Akaenda zake Darajani kupanda gari la Nungwi.

Idi imebaki wiki moja. Nani atanifukizia kanzu udi? Nyumba kimya mpaka nnaisikia saa ya jirani wa nyuma ikigonga. Nimemkumbuka, basi. Nshaandika.

Mpango: keki! Si keki kavu. Ile yenye sukari ya kuunguza juu, rojo la rangi ya dhahabu, tuliyokula siku ya harusi yetu na ambayo Mwanakheir huitaja kila mwaka. Nitampelekea Nungwi sahani yenye kitu kizima, kimeanzwa na kimekwisha. Najiona mshindi tayari.

Jumapili, 14 Novemba

Kwanza nimejaribu njia ya mkato. Jirani yangu Bi Kidawa, mlango kwa mlango, hana mpinzani Mkunazini nzima kwa kuipaka keki sukari ya kuunguza. Nimekwenda kumwomba, kwa adabu zote, aipike yeye na miye niseme ni yangu.

Akaniuliza kama nimefunga. Nikasema naam, nimefunga. Akasema basi na ulimi nao ufunge, niende nikalale.

Nikamwomba walau anifundishe. Akasema mapishi ya marehemu mama yake hayatoki nje ya jiko lake, na hata yangetoka yasingekwenda kwa mtu aliyelipua kitanda. Ningejua! Ni shoga yake Mwanakheir huyu, wamekula njama.

Lakini jiko lake na langu yametengwa na ukuta mmoja, na ukuta una tundu la moshi. Kesho nitapanda juu ya kinu.

Jumatatu, 15 Novemba

Nimepanda. Nimeona yote!

Sukari kavu ndani ya sufuria, moto mdogo. Haikorogi mpaka iyeyuke iwe rangi ya chai kavu. Samli kidogo. Tui zito la nazi, la moto, si la baridi. Iliki. Na saa hana! Sukari ikianza kuyeyuka anasoma sura ya Alam nashrah mara saba, taratibu, ndipo anatia tui. Halafu anakoroga akisoma saba nyingine, anaepua. Siri yenyewe ndiyo hiyo tu, na mwanamke anaringa miaka yote!

Kinu kikapinduka. Nimeangukia ndoo, kishindo mtaa mzima. Bi Kidawa akauliza tunduni kama paka wangu hakuumia. Nikamjibu nyau.

Sina paka.

Jumanne, 16 Novemba

Foleni ya sukari tangu alfajiri, kazini nimechelewa, karani mkuu amenitazama kwa jicho la pembeni. Si kitu. Nimepata ratili mbili. Unga na mayai aliyaacha Mwanakheir.

Keki imetoka! Nimeioka kwa sufuria, makaa juu, makaa chini. Upande mmoja imebonyea, kama kofia iliyokaliwa na mtu mzito, lakini ni keki, mwenye macho ataiona.

Sukari sasa. Nimesoma mara tatu vizuri sana. Ya nne nikakwama katikati, nikaona haya mbele ya Mungu, nikaanza upya toka mwanzo. Nilipofika tena ya tano jiko lilikuwa moshi mtupu na sufuria ina lami. Mwiko umesimama peke yake. Nimevitupa vyote jaani, sufuria na mwiko ndani yake.

Sufuria ya Mwanakheir. Hajui idadi ya sufuria zake.

Anajua idadi.

Jumatano, 17 Novemba

Niseme kwanza kwamba ni mzima.

Leo nimesoma saba kamili bila kukwama. Sukari rangi ile ile. Samli, tui, iliki. Nikakoroga, nikasoma saba za pili, jiko likanukia mpaka tumbo likalia. Basi hapo ningeepua, nikapaka, mambo kwisha. Lakini nikajiuliza: je, ladha yake? Samli ile ni ya zamani. Nimpelekee mke aliyesusa kitu nisichokijua ladha? Na nimefunga, nitaonjaje?

Nikaiacha sufuria juu ya makaa machache, nikakimbia nyumba ya tatu kwa Mwalim Abrahman, msomeshaji wa chuo cha Kurani, nikamwuliza. Mwalim Abrahman hana jibu fupi. Amenikalisha, amenipa kauli za maulamaa wa nchi tatu, na wa nne aliyewapinga. Mwishowe akasema mpishi mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi, kisha ateme, asimeze.

Nikarudi mbio. Rojo limekuwa zito, linang'aa, zuri kuliko la Bi Kidawa! Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Ncha ya ulimi wangu ni pana kidogo. Nilitia kijiko kizima.

Tamu! Nikataka kutema. Halitemeki! Limeshika meno ya juu, limeshika ya chini, limelikumbatia lile gego bovu. Nikivuta, gego linanipigia kelele mpaka sikioni. Nikiacha, mate yanajaa, nayo matamu, nikimeza tu funga imekwenda. Maji ya moto yangeliyeyusha, lakini nani atanihakikishia hayatateremka kooni? Na Maghribi bado saa nzima. Nikakaa uani juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nimeinamia beseni, mdomo umekwenda upande, mate na machozi yanashindana.

Ndipo akaingia Bi Kidawa na sahani ya futari. Kwa kweli ana imani, siku mbili tatu hizi huniletea, ijapokuwa pamoja na maneno. Akanisalimu. Akaniuliza nina nini. Nikaashiria juu, maana yangu nangoja adhana. Yeye akaelewa naaga dunia. Akapiga ukelele uliofika sokoni: kiharusi! Bwana Mcha kapigwa na kiharusi!

Ua ukajaa watu. Mwalim Abrahman akanisomea kichwani, asijue kwamba yote yametokana na jibu lake refu. Wengine wakanikanda miguu. Miye naashiria juu, wao wanalia zaidi.

Adhana. Alhamdulillahi! Wakanitia maji ya uvuguvugu kinywani, rojo likalainika, likatoka pande zima, na gego langu limo ndani yake kama lozi ndani ya haluwa. Maumivu ya miezi miwili, kwisha! Nilitaka kucheka. Nikafungua mdomo niwaeleze.

Bi Kidawa akasema nisichoke, keshapeleka salamu kwa gari la mwisho la Nungwi. Mwanakheir atafika kesho.

Nikaufunga mdomo. Nikaurudisha upande.

Alkhamisi, 18 Novemba

Amekuja!

Ameingia na vumbi la njia nzima kwenye buibui, amenishika mkono. Ameniinamia, macho mekundu kwa kulia. Wallahi nimeona haya. Nimetaka kusema kweli. Kisha akanipangia mto vizuri nyuma ya shingo, na haya zikapungua.

Bahati mbaya amekuja na kaka yake, shemeji Kificho, mtu anayejua dawa ya kila maradhi na hajaulizwa. Mchana Mwanakheir akaniletea uji, akasema mgonjwa hafungi. Nikatikisa kichwa, nikaashiria juu. Kificho akatoa machozi, akasema tazameni imani ya mtu huyu. Mwanakheir hakutoa machozi. Alinitazama muda mrefu, akaurudisha uji jikoni.

Alasiri Kificho akagundua jambo. Jana waliambiwa mdomo umepinda kushoto, na leo umepinda kulia. Nimesahau upande! Nikadhani nimekwisha. La, yeye akasema maradhi yanatembea, na maradhi yanayotembea huzuiwa kwa chuku: anachanja kisogo kwa wembe, anabandika pembe, ananyonya damu. Atanipiga mwenyewe kesho, baada ya kufuturu.

Nimemtazama Mwanakheir anitetee. Akamwambia kaka yake asisahau kuunoa wembe.

Ijumaa, 19 Novemba

Naandika haraka, kwa furaha.

Leo ni ishirini na tisa Ramadhani, watu wote wako juu ya mapaa wanatazama mwezi. Miye nimelazwa dirishani upande wa magharibi. Pembe tatu mkekani. Wembe unang'aa. Kificho amekunja mikono ya shati, anasema haiumi. Nikageuza uso nisiuone wembe, na hapo, juu ya paa la mbele, mwembamba, mzuri...

Mwezi huo! Nimepiga kelele. Mwezi! Kesho Idi!

Mdomo umenyooka, sauti safi. Wa kwanza mtaani kuuona ni mimi, na mtu hakunipongeza.

Kificho alibaki na pembe mkononi. Mwanakheir akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema amejua tangu jana aliponiinamia, kwamba kiharusi hakinuki iliki, na kwamba gego langu lilikuwa uani ndani ya pande la sukari kwa kila mwenye kutaka kuliona. Njia nzima kutoka Nungwi alikuwa akiniombea dua na kulia, na alipoona ni mzima alishukuru mno hata akaona nastahili chuku moja tu ya shukurani.

Halafu akauliza kiko wapi hicho kitu nilichokimaliza. Nikamwonyesha keki, imebonyea, juu haina kitu. Akasema hiyo ni nusu ya kitu.

Nilijua atafunga tena nguo zake. Lakini alijifunga kanga kiunoni, akanitangulia jikoni, akakaa juu ya mbuzi na mikono yake mapajani. Hakugusa hata mwiko. Sukari iliyobaki nikaiyeyusha miye. Yeye akasoma, miye nikakoroga. Nilipotaka kwenda kumwita Kificho aje aone, akasema nikae. Nikakaa. Kwenye saba ya mwisho sauti ya Bi Kidawa ikatoka tunduni: epua, wewe paka!

Nikaepua. Nikapaka. Likatambaa juu ya keki taratibu, likajaza hata ule ubonyevu.

Nimemaliza kitu.

Jumamosi, 20 Novemba. Idi

Kanzu inanukia udi. Keki imekatwa, na kipande cha kwanza nimemlisha Mwanakheir. Akafumba macho. Akasema inafanana kidogo na ile ya harusini. Kidogo! Nimeridhika. Nimeridhika kuliko ninavyoweza kuandika.

Tumempelekea Bi Kidawa sahani, na sahani haikurudi tupu, imerudi na keki yake. Rojo lake limelala vizuri kuliko langu. Nimekula vipande vitatu kuchunguza kwa nini.

Mwalim Abrahman amesema ile Jumatano niilipe, kwa usalama. Nitailipa. Na mbele yake, mbele ya Bi Kidawa na Mwanakheir, nimeapa sitagusa tena kopo la sukari bila ruhusa. Mwanakheir amesema haondoki tena, hata nikilipua nyumba, lakini nisiifanye hiyo kuwa ruhusa. Mtu nimejifunza. Nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Jumatatu, 22 Novemba

Mwanakheir amekwenda Mpendae kutazama jamaa. Nyumbani niko na shemeji Kificho, naye tangu jana anafunga ile sita ya baada ya Idi, na tangu asubuhi ameshika shavu. Gego!

Jamani, riziki hii! Gego langu lilitoka bila koleo, bila daktari, bila maumivu ya kutaja. Dawa ninayo miye, peke yangu Unguja nzima! Nikamweleza Kificho. Akauliza funga yake je. Nikampa kauli ya Mwalim Abrahman, kwa ufupi: auma, anavuta, hamezi. Akakubali haraka, jino lilimzidi.

Sukari nimechota ratili moja na nusu tu kwenye kopo la Mwanakheir, alilokuja nalo toka Nungwi. Hii haimo katika kiapo kile. Kile kilikuwa cha mapishi, hii ni dawa. Na safari hii nimeiacha motoni zaidi, ishike sawasawa.

Imeshika. Sasa hivi Kificho amekaa uani juu ya mbuzi, ameinamia beseni, mdomo umekwenda upande, machozi yanamtoka, anaashiria juu. Nadhani anamshukuru Mungu. Maghribi bado saa mbili.

Bi Kidawa anabisha hodi. Na nyuma yake nnaisikia sauti ya Mwanakheir, amerudi mapema.