Litungu Bila Maneno

Jumatatu, 13 Julai

Awino kaniambia tena asubuhi, safari hii bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. Magunia arobaini ya mahindi yanatoka Nyansurura Jumamosi, na yanaingia kwenye chumba changu. Nikamkumbusha mke wangu kwamba kile si chumba, ni studio. Akasema kabla sijabandika trei za mayai ukutani ilikuwa stoo, na itakuwa stoo tena. Amevumilia miaka miwili. Mwaka jana aliweka mahindi kwenye stoo ya watu, panya wakala magunia mawili.

Sikubishana. Nina habari.

Bi Ummy, mtengeneza filamu wa Musoma, anakuja Mugumu Jumamosi hiyohiyo kutafuta sauti. Filamu yake ina mama anayesimama barabarani dakika tatu nzima akingoja basi lenye mtoto wake. Hakuna anayesema neno. Anataka mlio unaoanza kidogo, unaojaa, unaogeuka humohumo, hadi mtazamaji asijue ulibadilika saa ngapi. Amezipa taarifa studio mbili: yangu, na ya Hamim wa stendi.

Hamim ana kiyoyozi. Ana pia vinanda vya ndani ya kompyuta alivyonunua mtandaoni. Mtu huko Ulaya alirekodi fidla, mlio mmoja mmoja, kila mlio akaupa kitufe chake. Hamim anabonyeza hapa Mugumu, fidla zinalia. Sawa. Lakini fidla hizo kila studio duniani inazo. Mimi nitatengeneza kinanda ambacho hakuna mwingine anacho: litungu la baba mkubwa Magige, kile kinubi chetu Wakurya, nyuzi zote nane, ndani ya kompyuta. Ukishikilia kitufe, linakua na kukua.

Nimewekeana sharti na Awino. Bi Ummy akichukua kinanda changu, chumba kinabaki changu. Asipochukua, saa sita mchana magunia yanaingia, na mbebaji ni mimi. Nadhani nilikubali haraka mno.

Jumanne, 14 Julai

Nyansurura kwa bodaboda. Vumbi mpaka kwenye meno. Nilipompa baba mkubwa shikamoo, aliitikia na kuuliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Akauliza basi nani anaoa. Hakuna. Akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyejileta mwenyewe.

Nikaeleza kazi. Agonge uzi mmoja, mara moja, kisha anyamaze hadi mlio ufe wenyewe. Halafu tena, kwa nguvu zaidi. Kila uzi mara kumi na mbili, nyuzi nane. Jumla tisini na sita.

Akauliza anamsalimia nani. Nikasema hamsalimii mtu, ni mlio tu. Akaliweka litungu chini.

Alinieleza taratibu, kama anavyoeleza watoto. Kwenye mji huu litungu haligongwi bila kuita mtu. Baba yake hakufanya hivyo, wala babu yake. Kugonga ukanyamaza ni kupiga hodi kwa watu halafu ukaenda zako. Nikamwambia kompyuta haina mlango. Akasema hilo analiona.

Tulivutana mpaka chai ikaja. Mwishowe tukapatana: mlio mmoja, jina moja. Atagonga, ataita mtu, basi. Nilikubali kwa uso wa huzuni, moyoni nacheka. Majina nitayakata nyumbani. Mzee hajui kwamba siku hizi maneno yanakatika.

Akaanza na waliokufa. Ni wengi sana. Tumeishia mlio wa thelathini na mbili, nami nalala hapahapa kwake.

Jumatano, 15 Julai

Watu walikwisha kwenye mlio wa hamsini na tisa. Akahamia kwa ng'ombe. Kila ng'ombe ana sifa zake, na hawezi kutaja mmoja akamruka mwingine, hata aliyekwisha kuuzwa. Nilimwomba afupishe. Akasema nikamwambie mwenyewe yule ng'ombe, yuko pale zizini.

Uzi wa nane, ule mnene kuliko zote, aliuacha mwisho. Nikasogeza maiki vizuri, maana huo ndio wenye utamu wa filamu. Unanguruma hadi mbavuni. Mara zote kumi na mbili akaita jina moja: Wankuru. Ni dada yake, aliyeolewa zamani upande wa Kenya, ng'ambo ya Sirari. Hawajaonana miaka tisa. Mguu wa dada ni mgonjwa, na wa mzee nao siku hizi hauendi mbali.

Mara ya kumi na mbili hakuishia kwenye jina. Aligonga, akaita, kisha akaanza kuongea naye, kidole chake kikiugusagusa ule uzi usife. Dakika tatu! Nilimpungia mkono anyamaze. Akanipungia na yeye, akaendelea.

Baadaye akaniuliza kama Wankuru atasikia. Nikasema bila shaka, filamu inafika kila mahali. Akaniomba nisiache hata neno moja. Nikaahidi. Kusema kweli niliona haya kidogo, lakini kuku alikuwa ameshaiva, na haya ikaniisha.

Alhamisi, 16 Julai

Nimerudi Mugumu. Matatizo. Baba mkubwa ana haraka ya kusalimia. Jina linaingia kabla mlio haujafa. Nikikata jina, nakata na mkia wa mlio, na kinachobaki ni ko. Nimejaribu nyuzi saba. Ko, ko, ko. Jirani yetu Maua kachungulia dirishani kuuliza kama nimeanza useremala.

Nikapata mbinu. Mkia wa litungu si lazima utoke kwenye litungu. Nilikwenda sokoni kurekodi mashine ya kusaga, nikaivuta kwenye kompyuta hadi ikawa ndefu na nzito, nikaishonea nyuma ya kila ko. Sasa ukishikilia kitufe, litungu linaanza, linakua, linageuka mashine ya kusaga. Hakuna atakayesema halibadiliki.

Nyuzi saba zimekamilika. Wa nane nimeuacha ulivyo, na Wankuru wake na dakika tatu zake, maana umeme umekatika. Haina neno. Kitufe chake kiko mwisho kabisa kushoto. Nani anabonyeza huko?

Jioni nilikwenda kwa Hamim kuazima waya nisiouhitaji. Akanisikilizisha fidla zake. Zinaanza kama pumzi, husikii zikikua, mara zimejaa chumba. Nilisikia ubaridi shingoni, na haukuwa wa kiyoyozi. Nilichukia sana. Nikamwambia nasikia mvumo fulani hivi kwa chini. Hakukuwa na mvumo wowote. Nilipotoka alikuwa ameshaanza kuchomoa nyaya zote.

Ijumaa, 17 Julai

Umeme umerudi saa nne. Awino aliingia kupima chumba kwa kamba. Kwa bahati mbaya nilikuwa nasikiliza kile kitufe cha mwisho kushoto. Akasimama. Ni Mjaluo, lakini miaka kumi na moja kwenye ukoo wetu amekijua Kikurya kuliko anavyokubali. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasikiliza dakika zote tatu. Kisha akaniambia, Baba Okech, hiyo usiiguse.

Nikamweleza kwa upole kwamba filamu ni sanaa, na sanaa haitaki uchafu. Akauliza uchafu ni upi. Nikasema maneno. Alinyanyuka akaenda kukaanga samaki. Kamba yake ameiacha sakafuni, na fundo pale upana wa chumba unapoishia.

Nilitaka kuusafisha ule uzi mchana. Badala yake nilishinda nikibuni nembo ya kinanda. Imetoka vizuri.

Jumamosi, 18 Julai

Mwandiko wangu leo ni mbaya. Nitaeleza.

Bi Ummy alifika saa tano na nusu akitokea kwa Hamim, na Hamim nyuma yake. Mtu hana haya. Alisema amekuja kusikiliza tu. Macho mekundu, siku mbili hajalala akitafuta mvumo, na bado hajaupata. Nikampa pole.

Nje lori la mahindi lilikuwa limeshafika. Wapagazi walikaa juu ya magunia wakiutazama mlango wangu. Awino alisimama kizingitini na simu mkononi, anaangalia saa.

Nilimpigia Bi Ummy uzi wa kwanza. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza kwa adabu kama ile ni mashine ya kusaga. Nikasema ni mageuzi. Akaomba ajaribu mwenyewe. Nikampisha kiti. Akapeleka kidole moja kwa moja mwisho kushoto.

Uzi ukanguruma, madirisha yakasikia. Kisha sauti ya mzee: Wankuru. Niliruka, nikasema hiyo ni hitilafu, nilisahau kukata. Hakuinua kidole. Akauliza mzee anasema nini. Nikasema hakuna kitu, mambo ya ng'ombe.

Ndipo Hamim akafungua mdomo. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye kazaliwa hapahapa Mugumu na Kikurya anacho chote. Akaanza kutafsiri polepole, sentensi kwa sentensi. Anamuuliza mguu. Anamwambia yule ndama aliyemwacha hapa sasa ni bibi. Anasema njia ya kwenda kwake anaikumbuka yote, kona kwa kona, ila miguu ndiyo imekataa. Anasema, njoo. Ukikuta nimelala, niamshe. Usikae nje ukiogopa kunisumbua.

Saa sita iligonga katikati. Mpagazi mmoja akaja mlangoni, Awino akamwinulia kiganja arudi. Mlio ulikuwa bado uko pale chini ya maneno, umekuwa mwembamba na wa joto, na sijui ulibadilika saa ngapi. Bi Ummy alifuta macho kwa mtandio. Hamim naye aligeukia ukuta, akajifanya anazisoma trei za mayai.

Bi Ummy akasema hiki ndicho anachokitaka. Nikamtazama Awino kwa ushindi. Kisha Bi Ummy akauliza mzee huyu anaishi wapi. Anataka kumrekodi yeye mwenyewe, mzima, aimbe na kuongea apendavyo. Mama wa kwenye filamu atangoja huku mzee anaita. Ila kwanza atatuma gari Sirari, Wankuru aletwe. Hataki mzee amsalimie kwa kompyuta wakati mtu yuko hai. Akamwomba Hamim aje na vifaa vyake. Mimi akanishukuru kwa kusahau kukata.

Nikamwambia Awino kwamba sauti imechukuliwa, kwa hiyo chumba ni changu. Akasema kilichochukuliwa ni mzee. Kinanda nimeachiwa mezani pale, na nembo yake.

Magunia arobaini. Wapagazi walinisaidia ishirini na tatu tu.

Jumanne, 21 Julai

Nyansurura tena. Nilipanda gari lao kwa sababu walihitaji mtu anayejua njia. Hamim alisema anaijua. Nikapanda hivyohivyo.

Wankuru aliletwa saa tatu. Alishuka garini na fimbo, mguu mmoja baada ya mwingine, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Baba mkubwa alikuwa amekaa na litungu tayari mapajani. Alikuwa ameapa kumpokea kwa mlio. Alisahau kabisa kugonga. Aliliacha kwenye kigoda, akatembea kwa ule mguu wake usiotembea hadi getini, akamshika dada yake. Fimbo ikaanguka. Walisimama pale muda mrefu wakilia na kucheka.

Bi Ummy analia. Hamim, mtu niliyedhani ni wa kazi, kashusha maiki yake chini na kutazama ardhi. Niliyekuwa kazini ni mimi peke yangu. Maana nilishaona. Vitambaa vikigusana, pumzi, fimbo ikianguka kwenye vumbi. Kinanda cha kukumbatiana! Hakuna studio duniani iliyo nacho. Ukishikilia kitufe, kinakua chenyewe.

Tatizo ni lilelile. Waliongea. Wote wawili, kwa pamoja, juu kwa juu, kuanzia mkono wa kwanza ulipogusa bega. Niliwafuata na maiki, nikawaomba kwa heshima waachane, warudi kila mtu mahali pake, wakumbatiane tena, safari hii bila maneno. Baba mkubwa akamuuliza dada yake kama amesikia mtu akisema kitu. Wakaenda kukaa kivulini.

Si kitu. Nyumbani nimegundua magunia ya mahindi yanameza mwangwi kuliko trei za mayai, na Awino ameniachia upenyo unaonitosha nikikaa kiubavu. Rekodi ninayo yote. Wamezungumza saa tano mfululizo. Nikishakata maneno, ninabaki na sekunde nne safi.