Gari la Baba na Dumu la Maji ya Baraka

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetoka kwenye kikao cha harusi. Irine, mdogo wangu wa mwisho, anaolewa Jumamosi. Binamu yangu Baltazar, mwenyekiti wa kamati, akatangaza eti bibi harusi atapanda gari lake, Noah. Nani kamtuma? Nikasimama. Nikasema Irine atapelekwa kanisani kwa gari la marehemu Baba, la mwaka 1983, na dereva ni mimi. Baltazar akauliza kama litafika. Wajumbe wakacheka! Hata Mama!

Irine hakucheka. Alinifuata nje, akaniambia Baba hayupo wa kumshika mkono, kwa hiyo akishuka kwenye gari lake atajiona kaletwa na Baba. Machozi yakanilenga. Nimeapa. Sasa lazima lifike.

Jumanne, 5 Agosti

Limewaka baada ya kusukumwa na watu wanne. Ukipiga honi, waipa zinatembea. Ukiwasha taa, fyuzi inaungua. Nikalipeleka hadi kule Bonga kwa Herieli, fundi umeme wa magari. Akafungua boneti, akazipapasa nyaya moja moja. Akasema nyaya zimezeeka, maganda yamepasuka, shaba inagusa bodi, siku yoyote litashika moto. Eti zitolewe zote, kazi ya wiki nzima. Wiki!

Akanionya fyuzi ikiungua nisije nikaizungushia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Nikamshukuru. Sikuwa na wazo hilo kabisa! Nimeomba karatasi kwa jirani mvutaji, nimeifunga, taa zimewaka kama mchana. Mafundi wanapenda kutisha watu.

Jumatano, 6 Agosti

Situlii. Nimeongeza honi mbili, spika, na taa za rangi kuzunguka kioo cha mbele. Zote nimeziunga kwenye waya mmoja. Baltazar akapita, akanusa, akauliza nani anachoma plastiki. Wivu! Mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Nikamwambia hiyo ni harufu ya spika mpya.

Alipoondoka nikaushika ule waya. Wa moto. Nimezunguka uani mara kumi nikiwaza. Nimeona hili si la fundi tena, ni la Padre.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimewahi Misa ya asubuhi, na gari, na dumu la maji la lita tano. Padre akaja kubariki. Nikafungua boneti ili baraka ifike kwenye nyaya zenyewe. Akauliza kama fundi ameliona. Nikajibu ameliona. Sikudanganya! Si aliliona? Padre akanyunyiza matone tu, akabariki na dumu langu, akasema baraka haimzuii mtu kutengeneza gari lake. Nikaitikia amina.

Kufika nyumbani nikamimina dumu zima, waya kwa waya, mpaka tone la mwisho. Nani mwingine Babati nzima ana nyaya zilizobarikiwa namna hii?

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Niko mezani, gari likapiga honi lenyewe. Mara tatu! Mara ya nne halikunyamaza mpaka nilipolipiga teke. Mama akaja mbio, akasema bado hatujachelewa, tumwombe Baltazar Noah yake. Nikamwambia gari lina furaha ya harusi. Akarudi ndani. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi naogopa. Sikumwambia.

Jumamosi, 9 Agosti

Tulitoka nyumbani Nakwa saa nne. Irine na Mama kiti cha nyuma, wapiga matarumbeta mbele yetu kwenye gari lao, Noah ya Baltazar ikitufuata. Safi kabisa mpaka karibu na kanisa. Watu wakashangilia barabarani, nami kwa mbwembwe zangu nikabonyeza honi zote. Moshi! Mweusi, kutoka chini ya usukani, halafu moto wenyewe. Na ile milango ya nyuma haifunguki kwa ndani. Nilijua, sikusema. Nikaruka nje, nikavuta mlango, umekwama. Irine anapiga kioo. Mungu wangu! Sijawahi kuogopa vile. Ukafunguka. Nikamtoa Irine, nikamtoa Mama. Baltazar akaja na kizimamoto, akauzima moto, lakini sehemu yote ya mbele imekwisha.

Irine alisimama vumbini, shela lina masizi. Nikalia mbele za watu. Akaniambia hakuhitaji gari. Ningemweleza tu ukweli, angekuja na mimi kwa miguu. Baltazar akamfungulia mlango wa Noah, bila hata kunicheka. Irine akakataa. Akanishika mkono, akawaambia matarumbeta wapige. Tukatembea mpaka mlango wa kanisa, mimi nanuka moshi, vigelegele kila upande.

Jumapili, 10 Agosti

Irine kanipigia simu mapema, kabla ya Misa. Ameniomba kitu kimoja tu: nisiguse tena nyaya za gari maisha yangu yote. Nimemwapia. Nimeapa kwa moyo wote, nikalia tena. Kweli, mtu lazima abadilike.

Mchana kaja jirani, Mama Genoveva. Mjukuu wake anabatizwa Jumapili ijayo, na jenereta lake la zamani linatoa cheche kila likiwashwa. Anasema Herieli kalikataa katakata. Nimemwambia asihangaike, alilete kwangu. Jenereta si gari.