Robo ya Kidonge

Jumatatu, 4 Machi

Haya sijamwambia mtu yeyote. Kila asubuhi nakata robo ya kidonge cha Mama kwa wembe, kisha nampa kilichobaki. Wiki ya tatu sasa. Nafanya kwa mapenzi!

Tena kisayansi. Tezi ya shingo ya Mama imechoka, ndiyo maana anameza homoni yake kwa vidonge. Mwalimu wa baiolojia alisema homoni hiyo huja na iodini nne na haina nguvu mpaka seli iinyofoe moja. Ikibaki na tatu, inaingia kwenye kiini, inaliamsha jeni, jeni linaanza kazi. Nne toa moja. Nikawaza: seli za Mama zimechoka kama yeye, kwa nini nisizisaidie kunyofoa? Nilitaka kumuuliza mwalimu, lakini kunyoosha mkono kulinishinda. Sasa shule imekwisha.

Jumanne, 5 Machi

Mama kalala tena juu ya cherehani, shavu kwenye gauni langu la kumaliza shule. Lina mkono mmoja tangu nifanye mtihani. Kavaa sweta mbili, na jua linawaka! Zamani alishona huku akiimba, fundi viatu wa jirani anamwomba aongeze sauti. Siku hizi sauti inakwaruza, na haimbi.

Shangazi, aliyekuja kutusaidia, anataka yeye ndiye ampe Mama dawa. Eti mimi nina mkosi wa mikono. Thubutu! Chupa nimeificha ndani ya kiatu changu cha shule.

Jumatano, 6 Machi

Hospitali. Mama katolewa damu. Nimeazimia kumuuliza daktari kuhusu robo. Swali nimelikariri kwenye korido mpaka mfagizi akanitazama vibaya. Daktari akaniuliza, binti, una swali? Nikauliza choo kiko wapi.

Ijumaa, 8 Machi

Majibu mabaya. Homoni imeshuka. Daktari akamuuliza Mama kama anaruka dawa. Shangazi akadakia: ataruka vipi, wakati anapewa na mwanasayansi wa nyumba? Mama, kwa ile sauti ya kukwaruza, akasema labda ni yeye, kichwa chake siku hizi kimejaa pamba, daktari amsamehe.

Mama yangu anaomba msamaha! Nikaangalia feni. Feni haikunisaidia. Nikajikuta nauliza, kwa sauti ya mbu: je, mtu akikata robo ili kuisaidia seli?

Daktari akasema iodini ile haikatwi kwa kisu. Kila seli ina vimeng'enya vyake vya kuinyofoa, na yenyewe ndiyo inayoamua lini na kiasi gani. Ukikata robo ya kidonge, umempunguzia mgonjwa robo ya dawa, basi. Ameze kizima, kwa maji matupu. Maziwa huizuia dawa isiingie mwilini.

Shangazi alikuwa anatafuta miwani yake, hakusikia kitu. Mama alikuwa ananitazama mimi.

Njiani alinishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi kama bomba la asubuhi. Akasema tu kwamba ule mkono wa gauni ataumalizia, nisijali.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelia sana. Wembe nimeutupa. Nimeapa: sikati tena!

Ila nimefikiria. Kidonge kizima ni kigumu kama kokoto, na seli zenyewe ndizo hizo, hoi. Daktari alikataza kukata. Kuhusu kusaga hakusema neno. Basi leo nimekisaga chote, hata chembe haikupotea, nikakikoroga kwenye maziwa, maana Mama anasikia baridi. Najua alivyosema kuhusu maziwa. Lakini haya nimeyachemsha mpaka basi, hayana tena nguvu ya kumzuia mtu.

Mama amekunywa yote. Amesema asante, mwanangu. Amekaa kwenye cherehani, amechukua ule mkono wa gauni, amelala.

Tafadhali, wewe unayesoma, Shangazi asijue. Na Mama usimwambie. Safari hii naona itafanya kazi.